Hivi viwanda bado vinaajiri wakemia?

Mkemia Mpya:
Wakuu habari zenu. Nimemaliza digrii ya kemia, kila siku naingia kwenye tovuti za ajira naandika "mkemia" naambulia patupu, zikitokea ni mbili tatu na zote wanataka uzoefu wa miaka mitatu. Viwanda haviajiri tena au mimi ndo natafuta vibaya? Na kwenye CV nijaze nini wakati sijafika popote zaidi ya maabara ya chuo?

Bi Kolamu:
Mdogo wangu, unatafuta jina ambalo wenye viwanda hawalitumii sana. Huku kwenye dawa tangazo litasema analisti wa QC (mpimaji wa ubora maabara), afisa udhibiti ubora, afisa uhakiki wa ubora, neno kemia unalikuta chini kabisa kwenye sifa za mwombaji. Tafuta kwa jina la mashine, andika HPLC au GC, zile za kutenganisha na kupima kemikali zilizochanganyika, uone. Usaili nao nadharia ni kidogo, utaulizwa presha ya HPLC imepanda ghafla unafanyaje. Anayejua atauliza kwanza ilikuwa inapita bafa gani (kimiminika cha chumvi kinachotuliza pH), maana ya fosfeti ukiikutanisha ghafla na kiyeyushi cha asetonitraili nyingi, chumvi inajitenga humohumo ndani inaziba vichujio na kolamu (lile bomba linalotenganisha kemikali), ndo maana unapitisha kwanza maji yenye asetonitraili kidogo halafu unapanda taratibu. Akijibu hivyo, hata kama ametoka chuo jana, sisi tunakaa vizuri kwenye viti.

Fundi Rangi:
Dada kasema kweli ila mbona wote mnakimbilia dawa? Njooni kwenye rangi, gundi, sabuni, vipodozi, huku mkemia anatengeneza kitu. Leo bosi anataka rangi ipakike kwa wepesi lakini isichuruzike ukutani, kesho manunuzi wamebadilisha muuzaji wa malighafi na bechi nzima inakuwa nzito kama uji, unaanza fomyula upya. Saruji pia wanachukua, ila jiandae na shifti za usiku, tanuri halizimwi kwa sababu wewe una usingizi. Halafu kuna mauzo ya kiufundi, kuuza kemikali na mashine za maabara, vijana wanaidharau bure tu.

Mkemia Mpya:
Shukrani sana. Mradi wangu wa mwisho nilipima madini ya risasi kwenye maji kwa AAS, mashine ya kupima metali, inafaa kuandikwa?

Bi Kolamu:
Hiyo iweke juu kabisa! Maabara za maji na mazingira, hasa zenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha umahiri wa maabara), ndo wanachotaka. Ila usiishie "nilitumia AAS", eleza standadi (sampuli za kiasi kinachojulikana) ulizitengenezaje, blanki (sampuli isiyo na risasi) ulipima lini, kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa mashine inachoweza kuona, ulikipataje. Na kama fundi wa maabara ndo aliendesha mashine wewe ukapewa namba, usijisifu uliiendesha, swali la pili tu watakushika.

Mpita Njia:
Samahani nadandia, hizo za mauzo wanataka leseni ya udereva?

Fundi Rangi:
Nyingi wanataka mkuu, muda mwingi uko kwa wateja, na mteja hapigi simu kukusifia, anapiga bidhaa ikimgomea. Ukifika hapo anataka umwambie tatizo ni nini, bei mtaongea baadaye.