Nimekwama kwenye somo la serikali ya Marekani, naomba ushauri

Mgeni_Houston: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimeanza chuo hapa Texas, na somo la serikali ni la lazima. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kura karibu milioni 3, lakini aliyeapishwa ni Trump. Nyumbani Tanzania mwenye kura nyingi ndiye rais. Mtihani ni wiki ijayo na nimekariri majina ya marais tu. Nianzie wapi?

Dada_Mkubwa: Mdogo wangu, marais waache kwanza. Anza na neno "jimbo". Hili si jimbo la mbunge kama la kwetu. Texas ina katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Kwa hiyo usitafute uchaguzi mmoja wa urais, haupo. Kuna chaguzi 51 za siku moja: majimbo 50 na Washington D.C.

Kura za wananchi huchagua wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaomchagua rais. Kila jimbo lina wajumbe sawa na wawakilishi wake bungeni ukijumlisha maseneta wawili. Texas sasa wajumbe 40, Wyoming 3. Jumla 538, mshindi anatakiwa kufikisha 270. Anayeongoza jimbo, hata kwa kura moja, anazoa wajumbe wote, isipokuwa Maine na Nebraska. Clinton alirundika kura California, na zile za ziada hazikumpa mjumbe hata mmoja. Trump alichukua Michigan, Pennsylvania na Wisconsin kwa tofauti isiyofika kura 80,000 ukizijumlisha zote tatu.

Msomaji_wa_Usiku: Dada kaeleza vizuri, ila usiruke Philadelphia 1787, mkutano ulioandika katiba ya Marekani. Majimbo madogo yaligoma kumezwa, ndiyo maana kila jimbo lina maseneta wawili. Na watumwa walihesabiwa watatu kwa kila watano, wakiwaongezea mabwana zao viti na wajumbe huku wenyewe hawapigi kura. Mimi hilo huniuma kila nikilisoma. Lisome taratibu.

Mgeni_Houston: Mungu awabariki, sasa naona mwanga. Je, mawaziri nao ni wabunge?

Dada_Mkubwa: Hapana, katiba yao inakataza. Marco Rubio alijiuzulu useneta Januari 2025 ndipo akawa waziri wa mambo ya nje. Wakenya wameizoea hiyo tangu katiba yao ya 2010, sisi Watanzania ndio inatuchanganya. Ukimaliza hapo ingia kwenye kura ya turufu ya rais, kisha urudi utuulize.