Kuzama kwa meli ya Atlantic, 1873: lawama ni ya nahodha au ya kampuni?

Mleta mada anadai kwamba tume ya uchunguzi iliyokaa Halifax, Kanada, ilimtoa kafara nahodha James Williams ilipomsimamishia cheti cha unahodha kwa miaka miwili, ilhali chanzo cha msiba kilikuwa kampuni ya White Star Line, mmiliki wa meli hiyo ya abiria, ambayo haikuipakia makaa ya mawe ya kutosha ilipoondoka Liverpool tarehe 20 Machi 1873 kwenda New York.

Mimi nakubaliana naye nusu. Upungufu wa makaa, baada ya siku nyingi za dhoruba, unaeleza kwa nini nahodha aliamua kugeuza njia na kwenda kujaza makaa Halifax, lakini hauelezi hata kidogo kwa nini meli iligonga mwamba. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili nahodha alijilaza katika chumba cha ramani, akaagiza aamshwe saa tisa. Mtumishi alipotaka kumpelekea kakao kabla ya saa hiyo, ofisa wa zamu alimzuia. Wakati huo meli ilikuwa imesukumwa magharibi mwa njia yake, taa ya mnara wa Sambro, unaoongoza meli kuingia Halifax, iliyotarajiwa ilikuwa haijaonekana, na bado hakuna aliyetupa bildi kupima kina. Bildi ni kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni. Kuitumia hakuhitaji makaa.

Mleta mada anasahau pia kwamba adhabu ile ilipunguzwa: tume iliona kosa linastahili kufutiwa cheti kabisa, ikamhurumia kwa sababu ya juhudi zake za kuokoa watu baada ya ajali.

Ninapoungana naye ni kwenye kumbukumbu zenyewe. Tume ya Halifax iliandika kwamba makaa hayakutosha. Kampuni ikalalamika, na Bodi ya Biashara ya Uingereza, idara ya serikali iliyosimamia meli, ikapitia suala hilo upya na kutamka kwamba yalitosha, wakati ambapo meli ilikuwa imeshavunjika na hesabu inafanywa mezani. Uamuzi uliobadilika baada ya malalamiko ya mwenye mali siwezi kuupa uzito sawa na ule wa kwanza. Hata idadi ya waliokufa haijatulia: wengi hutaja 535 au zaidi kidogo, ilhali mnara wa kumbukumbu wa Terence Bay, kijiji cha pwani karibu na Halifax walikozikwa watu 277, umechongwa 562. Lisilo na ubishi ni kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyepona, na kati ya watoto alipona mvulana mmoja tu, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kurasa nyingi kuliko tani za makaa.

Kwa hiyo namwomba mleta mada atuonyeshe, kutoka katika ushahidi uliotolewa Halifax, ni agizo gani la kampuni lililomzuia ofisa wa zamu kupunguza mwendo na kutupa bildi. Likipatikana, nitabadili msimamo.