Wenye saluni za "tiba ya mwanga" hapa Tanga, mnaunguza watu nyuso halafu mnasema ni sumu inatoka!

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu.

Mdogo wangu ana alama za mstatili kwenye mashavu yote mawili, zimepangana kama vigae kuanzia chini ya jicho hadi karibu na sikio. Si chunusi wala si mzio wa sabuni. Ni alama za mashine. Kaunguziwa kwenye saluni moja huku Ngamiani. Jina siliweki kwa sasa, ila waliopita pale watalikumbuka bango lao: mdada kavaa barakoa inayowaka taa nyekundu, chini wameandika "tiba ya mwanga kwa ngozi nyeti, haina madhara kabisa".

Ngozi yake kweli ni nyeti. Alikuwa anapaka krimu ya dukani, kumbe ina steroidi, ngozi ikawa nyembamba. Jua la saa saba likimpiga kidogo tu sokoni Mgandini uso unawaka mpaka jioni. Na harusi ndiyo hii inakuja. Bibi kashasaga liwa ya singo, kasema mwali asiguswe na kitu kingine. Lakini lile bango limeandikwa "ngozi nyeti". Nani asingeingia?

Sasa sikilizeni alichofanyiwa. Barakoa ya kwenye bango hakuvishwa. Kalazwa, kapakwa jeli ya baridi, mhudumu kashika kichwa cha mashine anakigandamiza shavuni, kila akigandamiza inawaka kama flashi ya kamera. Analalamika inachoma, anaambiwa "vumilia dada, urembo una gharama". Mhudumu mwenyewe kavaa miwani myeusi! Mteja kawekewa pamba machoni. Hakuna aliyemuuliza anapaka nini wala anameza dawa gani. Sh 70,000 ikachukuliwa, tena kabla hajalala kitandani.

Ile si LED, yaani zile taa ndogo za barakoa ya kwenye bango, jamani. Ile ni IPL, mashine ileile wanayotolea watu ndevu na vinyweleo vya kwapa. Barakoa ya LED nyekundu hutoa mwanga wa nanomita (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga) kama 630 hadi 660, nguvu yake ndogo, joto lake hafifu, na hutumika kupunguza uvimbe na wekundu. Haifanyi miujiza, lakini haikuachii vigae usoni. IPL inapiga mapigo makali ya mwanga mchanganyiko, takriban nanomita 500 hadi 1,200, na kinachoyanasa ni melanini, ile rangi ya asili ya ngozi na nywele. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi, melanini nyingi iko kwenye unywele, kwa hiyo joto linaishia kwenye mzizi. Sisi melanini tunayo uso mzima! Mwanga unanaswa juujuu kwenye ngozi, unageuka joto, ngozi inaungua. Hata zile mashine ndogo za IPL za nyumbani huja na kadi ya rangi za ngozi, na rangi nyeusi zaidi imewekewa alama kwamba usitumie. Mwenye saluni anayo mashine kubwa na hiyo kadi hajawahi kuiona?

Nilimfuata. Jibu la kwanza: "Hizo ni sumu, ziache zitoke." Nilipombana akasema tiba ya mwanga ilipata hadi Nobeli. Ndiyo mama, ilipata, mwaka 1903, kwa Niels Finsen wa Denmark, daktari aliyetibu kifua kikuu cha ngozi. Wewe kifua kikuu kwa mwali umekiona wapi? Akanipa ofa ya kurudia bure.

Hospitali wametuambia ni kuungua, ngozi imeacha weusi ambao utachukua miezi kufifia, akae mbali na jua na asipake krimu za kubahatisha. Harusi haisubiri miezi.

NYONGEZA: Naona mnaosema angepigwa taa ya bluu. Taratibu. Bluu ya nanomita kama 415 inaua bakteria wa chunusi, sawa, lakini tatizo lake halikuwa chunusi. Na utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho unaacha weusi wa muda mrefu kwenye ngozi za rangi kama zetu, wakati ngozi nyeupe haikupata huo weusi. Kwa hiyo msije na "taa ni taa tu".

Na wewe uliyeandika "wanawake mnapenda urembo", pita mbali.

Ninachotaka ni hela irudi, gharama za hospitali zilipwe, na lile bango lishuke. Barua ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) naiandika, maana vifaa tiba viko chini yao. Kama nawe ulipakwa jeli ukapigwa flashi ukaambiwa ni LED, weka picha ya alama hapa chini, ficha macho. Barua yenye watu watano itasomwa haraka kuliko ya mtu mmoja.