Mtoto ashike namba ya siri ya simu ya mzazi? Tujadili

Mwanzisha mada

Wadau, naanza na msimamo wangu ili msinizungushe: mtoto asishike namba ya siri ya pesa za simu za mzazi mwenye akili timamu. Najua nitashambuliwa, maana nyumba nyingi ndivyo zinavyokwenda siku hizi. Mama ana kiswaswadu chake, meseji ikiingia anaita kijana, "Hebu nisomee hii." Kijana anasoma, anatoa, anatuma, anakopa. Mama anatajiwa salio, anaitikia.

Sisemi vijana ni wezi. Nasema laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mama, tangu lile zoezi lililofikia ukomo Januari 2020, kwa hiyo chochote kinachofanyika humo kinahesabika kakifanya yeye. Kijana akikopa kwenye menyu, deni ni la mama. Hela ya kikoba ikiingia kesho inakatwa, naye haelewi imepunguaje.

Na hii kauli ya "wazee hawawezi" siikubali. Mama anayekopesha dagaa mtaa mzima na kukumbuka kila mmoja anadaiwa ngapi hashindwi na *150*00# ya M-Pesa wala namba ya siri ya tarakimu nne. Kinachomshinda ni maandishi madogo, na menyu isiyomsubiri. Ukichelewa kusoma inakata, unaanza upya. Mtoto anayebonyeza kwa vidole gumba viwili haijui adha hiyo, haijawahi kumkata. Basi anamnyang'anya simu: "Lete nikufanyie, unachelewesha." Mkifanya hivyo miaka mitano mfululizo, mama atajuaje?

Wakala, Mbagala

Njoo ukae kibandani kwangu mwisho wa mwezi. Mzee ananyoosha simu, anataja namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. "Mwanangu nitolee elfu hamsini, namba ni mwaka niliozaliwa." Nikikataa kuibonyeza ananuna, anakwenda kwa wakala wa jirani. Kati ya kunipa mimi na kumpa mwanawe wa kumzaa, heri mtoto.

Halafu wengi wakitapeliwa, hakuna aliyewaibia namba ya siri. Wanatuma wenyewe. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" inamkuta mtu kweli anadaiwa kodi ya nyumba, anadhani ni mwenye nyumba. Kijana angekuwa karibu angeicheka na kuipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, yakaisha.

Binti wa Kondoa, naishi Dar

Mama yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hiyo hotuba ya maandishi madogo inamsaidia nini? Mimi natuma na ya kutolea, mdogo wangu wa darasa la saba anamsomea na kumtolea. Bila huyo mtoto, mama angekuwa anampa simu yeyote anayepita. Watu mnajadili kama kila mzazi anaishi na watoto wakubwa sebuleni.

Mama mtu mzima, Tanga

Wakubwa shikamooni, wengine marahaba. Nimesoma yote mwenyewe, hakuna aliyenisomea.

Nani aliwaambia vijana wanaijua simu? Kubonyeza haraka wanajua, sikatai. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, waliokuwa wamezijaza kwenye simu zao ni akina nani, sisi wa viswaswadu? Mimi nilipigiwa na watu nisiowajua wakinidai deni la mpwa wangu, eti ni mdhamini wake. Mdhamini wa wapi! Programu ilizoa majina yote ya kwenye simu yake, na ni yeye aliyebonyeza "kubali" bila kusoma. Huyo huyo leo anataka anishikie namba ya siri.

Sisi nasi tuna yetu. DECI, ule upatu wa kupanda mbegu uvune zaidi, ilitusomba tukiwa watu wazima na akili zetu, na haikuhitaji simu janja.

Kijana, Mwanza

Mama, hapo kwenye "kubali" umetupata. Ila mbona fomu za NIDA na namba ya malipo ya kodi ya kiwanja mnatutuma sisi? Ikija kazi, tunajua. Ikija hela, hatujui.

Mdau, Moshi

Hamjagusa mirathi. Mzee anafariki usiku, asubuhi salio sifuri. Aliyekuwa na namba ya siri anasema alitoa kununua jeneza, ndugu wanauliza risiti iko wapi. Kisheria hela ya marehemu inamsubiri msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, lakini msibani nani anakumbuka hayo? Nimeona familia mbili zimegawanyika kwa jambo hili, na katika moja naamini kabisa yule kijana hakula hata shilingi. Jina lake limeharibika bure.

Mwanzisha mada

Binti wa Kondoa, kwa mama asiyeona nakubaliana nawe. Lakini mdogo wako asifute meseji za miamala, na awepo mtu mzima mmoja wa kuzipitia. Darasa la saba ni mtoto bado, mnambebesha mzigo mzito, siku hela ikipotea ataulizwa yeye.

Kwa wenye macho yao sijarudi nyuma. Weka menyu kwa Kiswahili, kaa naye, atume mia tano kwenye simu yako mara nyingi anavyotaka, na usigune. Makato lipa wewe. Kubwa kuliko yote, azoee kusoma jina la mpokeaji kabla hajaingiza namba ya siri. Meseji ya kodi ikija, jina lisipokuwa la mwenye nyumba, anaghairi palepale. Kisha apige *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wengine watakuta za wajukuu na za watu waliokwisha kuhama mtaa.

Wakala, mwaka wa kuzaliwa kama namba ya siri huwa unawaambia wabadilishe, au unatoa tu hela foleni iende?

Na wewe wa Moshi: mzee akimkabidhi mtoto mmoja mbele ya wenzake wote, ugomvi unapungua, au ndiyo unaanza mapema? Nauliza kwa sababu kwetu tuko saba.