Vitabu vya mwongozo wa biashara vinamsaidia nini mtu aliye kazini?

Karani wa Chuda (mleta mada)
Wadau wa Tanga, salaam. Mwaka huu ofisini kwetu hakuna kozi. Sisi ni kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na fedha yote ya mafunzo imenunua vitabu: namna ya kuendesha kikao, namna ya kujadili bei, namna ya kusoma mizania, namna ya kusimamia watu. Kila mtu kapewa chake, na mwezi ujao tusimame mbele ya bosi tueleze tulichovuna.

Mie nimeangukiwa na cha kusimamia watu. Mwandishi ni Mmarekani. Sura ya kuachisha kazi inasema mtu asiyefaa mwite, mwambie, mpe barua, jioni awe ameshaondoka. Kwao inawezekana, maana karibu majimbo yote mwajiri anaweza kumwachisha mtu bila kutoa sababu. Kwetu kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inataka sababu halali na utaratibu wa haki, na anayelipwa kwa mwezi anapewa notisi isiyopungua siku 28. Ipo ofisi moja hapa mjini, jina nalihifadhi, walifuata njia ya namna hiyo. Aliyeachishwa akafungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa, na ofisi ikalipa.

Kwa hiyo msimamo wangu: vitabu hivi vimeandikiwa watu ambao hawajaanza kazi, au watu wa nchi nyingine. Aliye kazini havimwongezei kitu. Hata mama ntilie wa nje ya geti la bandari, ambaye darasa la pili hakumaliza, anaijua biashara kuliko hao waandishi. Naomba kuwasilisha.

Fundi Bomba wa Mikanjuni
Mkuu, nakuunga mkono nusu. Mie kitabu kimoja kimenifaa, kile cha kuandika makisio ya kazi. Zamani nilikuwa nataja bei kwa mdomo pale pale kwenye mtaro. Kazi ikiisha mteja ananiambia hakusikia hivyo. Sasa kila kitu kwenye karatasi: bomba, viungo, saruji, siku za vibarua, malipo ya kwanza, malipo ya mwisho, saini mbili. Ugomvi umepungua sana. Vingine vyote nimesoma kurasa chache nikaacha.

Binti Makorora
Karani, habari za kutwa. Nilikuwa nakufuata vizuri mpaka nilipofika kwa mama ntilie.

Mama yangu kauza chakula nje ya geti hilo hilo tangu enzi meli zinatia nanga kule mbali na mizigo inaletwa kwa matishari. Darasa la saba kamaliza. Mie leo ni mkadiriaji majenzi, na ada yangu ilitoka kwenye masufuria hayo. Ukitaka kuwapiga Wamarekani wapige, lakini kwa nini unamchukua mama wa watu kuwa kipimo cha mtu wa chini kabisa unayeweza kumfikiria?

Karani wa Chuda
Dada yangu, umenisoma vibaya. Nimewasifu.

Binti Makorora
Sifa gani inayoanza kwa kusema mtu hakusoma? Umemjua wapi? Umemuuliza darasa alilofika, au umemuona na kanga kiunoni ukajijazia mwenyewe?

Mwana wa Sahare
Hapo Karani kashikwa.

Mchungwa wa Muheza
Naingia kwa upande ambao hamtaupenda. Karani kakosea, ila sivyo anavyosema Binti. Kakosea kusema mama ntilie anaijua biashara. Wengi hawaijui. Wanajua kupika na wanajua watu, hayo sibishi. Hesabu hawana.

Tuseme mama anauza sahani 50 za wali maharage kwa 2,000. Hiyo ni 100,000. Mchele, maharage, nazi na mafuta vimekula 60,000. Ukimuuliza anakwambia leo nimepata arobaini. Hajapata. Mkaa 8,000, maji 2,000, msaidizi wa kuosha vyombo 10,000, imebaki 20,000. Na yeye mwenyewe kaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Akijilipa 15,000 kwa siku, biashara yenyewe imeingiza 5,000. Hapo sijagusa sahani za mkopo. Hesabu hii imo katika kitabu chochote cha mwongozo, sura za mwanzo kabisa, na haijali kama uko Marekani au Ngamiani. Ndiyo maana vitabu vinafaa.

Binti Makorora
Na wewe ulimkuta mama gani asiyehesabu mkaa? Mama anajua gunia la mkaa linakwenda siku ngapi na likiisha mapema anajua nani kaacha jiko linawaka. Usituletee mama wa kubuni halafu umfundishe hesabu.

Mchungwa wa Muheza
Haya, mkaa kahesabu. Aliyekuwa anaosha vyombo alilipwa na nani?

Binti Makorora
Aliyekuwa anaosha vyombo ni mie, nikitoka shule. Malipo yangu ni ada. Ingia ofisini kwangu nikukadirie nyumba ya vyumba vitatu, gharama za kazi zote zimo mpaka ulinzi wa usiku, uone kama nilijifunza.

Mchungwa wa Muheza
Hongera kwa mama, kwa dhati ya moyo. Ila umenijibu mie wa Muheza kama niliyemtukana, na sikumtukana. Mfano wako ndio unaonithibitisha. Kazi ya mtoto haikuandikwa popote, na siku mtoto alipokwenda chuo, mama ikabidi aajiri. Faida ikashuka, na nina hakika alidhani biashara imeingiwa na jicho.

Binti Makorora
Hapana. Alipandisha bei na akapunguza kopo la maharage. Yakhe, unatunga mpaka yaliyo ndani ya moyo wa mama yangu?

Mzee wa Raskazone
Wanangu, punguzeni moto. Mie nimestaafu kazi za forodha na niliwahi kuwa na kabati zima la vitabu hivi. Niwaambie kitu kimoja cha mleta mada mnachokiacha. Vitabu vinachakaa. Nina mwongozo wa kodi, mzuri sana, umeandikwa na mtu wa hapa hapa kwetu. Unasema ukifikisha mauzo ya milioni 40 kwa mwaka ujisajili VAT. Kijana wangu kausoma akataka kukimbilia TRA. Nikamwambia ngoja, sasa ni milioni 100.

Na mkitaka mfano wa mtu wa ofisini aliyefaidi kalamu, Shaaban Robert wetu alikuwa karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944. Hakusubiri kozi.

Mwanasheria wa Bombo
Shikamoo mzee. Naongeza juu ya la kodi: milioni 40 ilikuwa kabla ya Julai 2015, ikaja 100, na tangu Julai 2023 ni milioni 200. Kwa hiyo kitabu chako kimepitwa mara mbili.

La Karani ndilo zito na hakuna aliyeligusa. Yako mambo mwongozo unayaeleza vizuri popote ulipoandikwa: kukokotoa gharama, kutofautisha faida na fedha iliyo mkononi, kuandika muhtasari wa kikao, kuweka makubaliano kwenye karatasi kama alivyosema Fundi. Na yako mambo ambayo sheria ya nchi ndiyo inayosema: ajira, kodi, leseni, usajili wa jina la biashara pale BRELA. Meneja akichukua sura ya ajira ya nchi nyingine na kuitumia hapa, anayeumia kwanza ni mtu aliyepewa barua jioni. Mie nimekaa na watu hao. Wengi hawajui habari ya siku 30, wanakuja zimeshapita, na inabidi kwanza kuiomba Tume ikubali kuchelewa kwao. Ofisi inayogawa vitabu vya kusimamia watu bila kuweka nakala ya sheria yetu juu ya meza ile ile inawatafutia wafanyakazi wake madhara. Karani, hilo ndilo la kusema mbele ya bosi.

Mwana wa Sahare
Mzee, Shaaban Robert hakuandika namna ya kuuza mchele. Kila mjadala wa Tanga lazima aitwe shahidi?

Mzee wa Raskazone
Nimemtaja kwa sababu alikuwa mtumishi wa serikali aliyejisomea na kuandika huku ana kazi ya mchana. Uzi unahusu watu walio kazini. Soma ulichojibu, mjukuu wangu.

Dada wa Mgandini
Mie nina duka la vitenge. Nataka kumuuliza Mchungwa kuhusu sahani za mkopo alizozitaja akapita. Vitabu vyote nilivyofungua vinasema usikopeshe. Ningeacha kukopesha, mwezi wa pili nimefunga. Walimu wote wanaochukua kwangu wanalipa mshahara ukitoka. Mwongozo unaoniambia nisikopeshe umemuona nani hapa mjini?

Mchungwa wa Muheza
Dada, hapo tuko pamoja. Mie napeleka machungwa mpaka Mombasa, na wanunuzi wangu wanalipa wakishauza. Kwenye karatasi nina faida, mfukoni sina nauli. Kitabu ndicho kilichonionyesha kuwa hayo ni mambo mawili tofauti: unaandika tarehe fedha inapoingia kweli, si tarehe gari lilipoondoka. Nikaona wiki ambazo nitakauka kabla hazijafika. Zamani wiki hizo nilikuwa naangukia mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu. Mnajua riba zao. Kwa hiyo usiseme kitabu hakijui mkopo, tafuta sura ya mtiririko wa fedha.

Dada wa Mgandini
Hiyo inaniambia nitakauka lini. Haijaniambia nimkopeshe nani.

Fundi Bomba wa Mikanjuni
Kwa habari ya kausha damu, kwa nini watu hawaendi kuchukua mikopo ya zile asilimia 10 za mapato ya halmashauri? Tano za kina mama, tano za vijana, hazina riba.

Mwanasheria wa Bombo
Fundi, huo ni mgao wa zamani. Siku hizi ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Zilisimamishwa 2023, zikarudi 2024.

Dada wa Mgandini
Na lazima muwe kikundi. Nani aliwahi kuandika mwongozo wa kukaa kikundi kimoja na mashoga zako mkadaiana bila kununiana? Hicho ningekinunua leo.

Binti Makorora
Dada wa Mgandini, swali lako la nimkopeshe nani, mama anaweza kukujibu. Daftari lake lina jina, siku, alichokula, na safu ya mtu aliyemleta. Kibarua mgeni hapewi mkopo mpaka aletwe na mwenyeji, na akitoroka deni linamhamia mwenyeji, naye anajua hivyo tangu siku ya kwanza. Mwenyeji akikataa kulipa, wote aliowaleta wanakula kwa fedha taslimu mpaka deni liishe. Wenyewe kwa wenyewe wanabanana. Nimefanya kazi na makampuni makubwa ya ujenzi ambayo hayana utaratibu wa wadaiwa ulio wazi kiasi hicho.

Na hii ndiyo hasira yangu tangu asubuhi. Kitu hiki kipo, kinafanya kazi, na hakuna aliyekaa na mama kukiandika. Halafu anakuja mtu anamwita asiyejua hesabu, na mwingine anamwita asiyesoma.

Karani wa Chuda
Dada Binti, sikuja kumvunjia heshima mama. Lakini bado nasema ulichoandika hapo juu kinanisaidia kuliko kitabu nilichopewa. Wateja wetu wa mizigo nao wanaletwa na wateja wengine, na wakikwama tunabaki na ankara ya gharama za bandari tulizowalipia. Hatuna safu ya aliyemleta.

Mchungwa wa Muheza
Karani, unaona? Sasa hivi umetaka utaratibu ulioandikwa, wa hatua kwa hatua, wa mtu anayeijua kazi. Hicho ni kitabu cha mwongozo.

Karani wa Chuda
Sivyo. Nimetaka wa mtu wa hapa.

Mchungwa wa Muheza
Mwongozo wa kodi wa Mzee uliandikwa na mtu wa hapa na umepitwa mara mbili.

Mwana wa Sahare
Kwani mama anauza bado? Na gati jipya lile la mita 450 vibarua wameongezeka au mashine zimewala?

Binti Makorora
Anauza, kasogea kidogo, geti la zamani halipitiki kama mwanzo. Vibarua wa matishari walipungua, madereva wa malori ndio wameongezeka. Dereva ni mpita njia, hana mwenyeji wa kumdhamini, kwa hiyo hao hawakopeshwi kabisa.

Dada wa Mgandini
Walimu wangu wa kuhamishwa nao ni wapita njia. Mwezi uliopita mmoja kapata uhamisho na doti zangu mbili. Binti, mwalimu mgeni aletwe na mwalimu mwenzake au na mkuu wa shule?

Fundi Bomba wa Mikanjuni
Mkuu wa shule hatakubali, ataona unamwingiza kwenye deni la watu.

Binti Makorora
Mwenzake. Na aje naye dukani, si kwa simu.