Naomba ushauri: kipimo cha CRP cha baba

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu. Baba, miaka 58, nahodha wa jahazi, havuti sigara wala hana sukari. Juzi kapimwa damu, CRP ile nyeti (protini ya damu inayoonyesha uvimbe mwilini) ikaja 4.6 mg/L, tukaambiwa ikipita 3 mishipa ya moyo iko hatarini. Tangu hapo hataki hata kushika usukani, na roho inaniuma. Lakini wiki ile jino lilikuwa limemvimba, na protini hii ini huimwaga kwa uvimbe wowote mwilini. Je, turudie jino likipona? Ami yangu alikufa ghafla kwa moyo akiwa na miaka 49, ndiyo naulizia pia lipoprotini(a), ile chembe ya kurithi inayobeba mafuta kwenye damu. Nani kaipima huku pwani, wapi, kwa pesa ngapi?