Bekapu ya phpMyAdmin inakatika katikati bila kutoa kosa

mizani_masasi:
Wakuu, habari za jioni. Databesi ya mapokezi ya korosho ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) iko kwenye seva ya kukodi. Nikitoa bekapu kwa phpMyAdmin (programu ya kusimamia databesi kwenye kivinjari), faili linashuka bila kosa lolote, ila jana lilikuwa MB 48, leo 61. Nikichagua zip, ukurasa unabaki mweupe. Jedwali la mizani lina safu zaidi ya laki nane. Ni intaneti au seva?

fundi_lindi:
Mkuu, hayo ni matatizo mawili. Ukubwa unaobadilika unaonyesha ni muda au mtandao. Kumbukumbu ikiisha, kwa kawaida faili hukatika karibu na sehemu ileile kila mara. Zip huandaliwa kwenye kumbukumbu kabla ya kutumwa, kwa hiyo memory_limit (kikomo cha kumbukumbu cha PHP, lugha inayoendesha phpMyAdmin) ya 128M inajaa. Chagua gzip, yenyewe hubanwa huku ikitumwa. Halafu pandisha ExecTimeLimit (kikomo cha muda wa kazi) kwenye config.inc.php, faili la mipangilio ya phpMyAdmin, chaguo-msingi ni sekunde 300.

kitaya_net:
Hiyo ya sekunde 300 isikupoteze. Kwenye Linux, PHP haihesabu muda wa kuisubiri databesi, kwa hiyo mara nyingi mkataji ni seva ya wavuti yenyewe, na kwenye seva ya kukodi huna mamlaka nayo. Kama una SSH (njia ya kuingia kwenye seva na kuandika amri), achana na kivinjari, tumia mysqldump, amri ya kutoa bekapu ya databesi:

`set -o pipefail`
`mysqldump --single-transaction --quick --no-tablespaces -u mtumiaji -p mizani | gzip > mizani.sql.gz`

Bila pipefail, mysqldump ikifa njiani gzip bado itasema mambo safi. Kisha:

`zcat mizani.sql.gz | tail -n 1`

Usipoona "Dump completed", hiyo si bekapu. Na --single-transaction, inayochukua data yote kama ilivyokuwa kwa wakati mmoja, inasaidia majedwali ya aina ya InnoDB tu, aina ya MyISAM haimo.

mizani_masasi:
Shukrani wakuu. SSH hawanipi.

kitaya_net:
Basi toa muundo peke yake kwanza. Kisha kwenye dirisha la SQL:

`SELECT * FROM mizani WHERE id BETWEEN 1 AND 200000`

Toa matokeo hayo, data tu, uendelee na laki mbili zinazofuata mpaka id ya mwisho. Usigawe kwa LIMIT bila ORDER BY, safu zinaweza kujirudia na nyingine kurukwa. Fanya ghala likishafungwa. Mzani ukiendelea kuingiza, vipande havitalingana.

fundi_lindi:
Na vipande hivyo virudishe kwenye databesi tupu ya kompyuta yako, ulinganishe na databesi halisi: COUNT(*), yaani idadi ya safu, na jumla ya kilo kwa kila msimu. Kuingiza kwa kivinjari kutagoma, upload_max_filesize ya PHP (kikomo cha ukubwa wa faili la kupakia) ni 2M usipoibadilisha. Tumia amri ya mysql.